Kambare Niliyemwosha Ndani

Juzi nilienda dukani hapa Nyakato kununua sabuni ya mche. Wajukuu wangu wanafulia ya unga na ile ya maji, ila mikono yangu mimi haijazoea sabuni ya kumwaga, nataka kitu ninachokishika. Kijana wa duka, Muislamu mmoja mpole ambaye babu yake alikuwaga fundi cherehani pale mjini, akavuta mche, akauzungushia uzi wa nailoni, akakata. Harufu ikatoka. Nikakichukua kile kipande nikakiweka puani, nikafumba macho pale pale mbele ya wateja.

"Bibi, hiyo hailiwi," akaniambia, na watu wakacheka.

"Inaliwa," nikamwambia. "Kamuulize kambare."

Wakacheka zaidi, wakajua ni uzee. Nikachukua sabuni yangu nikaondoka, lakini njia nzima sikuwa Nyakato. Nilikuwa na miaka minane hivi, nimesimama juu ya mawe kijijini kwetu, upande wa Kisorya, maji yananipiga magoti, na mkononi nina kitu nilichoiba kwa mama.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikiandika naandika kama ninavyoongea. Mkiona nimepotea njia nivumilieni, nitarudi.

Nyumbani tulikuwa watu wa Jumamosi, yaani Wasabato. Baba alikuwa mzee wa kanisa, yule anayekaa mbele kwenye benchi lenye mgongo, akisimama kuomba hata mbwa wa nje wananyamaza. Na kwa watu wa Jumamosi samaki ni mwenye magamba. Sato ndiyo, ningu ndiyo, sangara ndiyo, hata dagaa ukimwangalia vizuri utamwona na magamba yake madogo. Lakini kambare, ambaye kwetu tunamuita mumi, ana ngozi tupu inayoteleza, basi huyo ni najisi. Akiingia kwenye wavu baba alimshika kwa jani, akamrudisha majini au akawapa majirani. Mimi sikujua najisi ni nini. Nilimuuliza bibi, mama yake baba, akaniambia, "Ni uchafu, mjukuu wangu. Kitu kichafu." Akaendelea kupepeta ulezi wake. Kwa hiyo kichwani mwangu ikakaa hivyo: mumi anakaa kwenye matope, anakula matope, ni mchafu. Nikamhurumia. Mimi mwenyewe nilikuwaga mchafu kila jioni na nilikuwa naogeshwa.

Sasa habari ya chambo. Watoto wa sasa wanafikiri samaki anavuliwa kwa nyungunyungu tu. Sisi tulivulia kila kitu. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, ukimtoa mabawa ukamweka kwenye ndoano hai, sato anakuja mwenyewe kama ameitwa. Ugali tuliutafuna tukauchanganya na mate mpaka ukawa kama nta, huo ni wa furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe. Kaka yangu mkubwa alikuwa akiokota karatasi ya kung'aa iliyo ndani ya paketi ya sigara, anaifunga kwenye ndoano na kuivuta haraka, sangara mjinga anaruka nayo. Binamu yangu mmoja alinyofoa uzi mwekundu kwenye sweta la kanisani, uzi mmoja tu, akapata nembe watatu. Sweta likafumuka mpaka kwapani. Fimbo aliyochapwa ilikuwa ndefu kuliko huo uzi, lakini alisema faida ilikuwepo.

Lakini bingwa wa chambo za ajabu alikuwa Mzee Shabani. Huyu alikuwa fundi mitumbwi, alikuja kijijini kwetu kutoka mbali, hakuna aliyejua vizuri wapi, akaoa, akabaki. Alikuwa anaziba nyufa kwa pamba na mafuta, na wenye mitumbwi walimlipa kwa samaki. Yeye alikula mumi, tena akimsifia. Nilipenda kukaa karibu yake akifanya kazi kwa sababu alijibu maswali ya watoto kama vile ameulizwa na mkuu wa wilaya.

"Mzee, mumi anapenda nini?"

"Kinachonuka, binti. Utumbo wa kuku uliolala. Mende. Ngozi ya mbuzi iliyoungua. Machicha ya pombe, lakini ya pombe usimwambie baba yako." Akagonga mara mbili. "Na kuna kimoja kinashinda vyote. Sabuni."

"Sabuni?"

"Sabuni ya mche. Imetengenezwa kwa mafuta, yeye anasikia mafuta, povu hajali. Anakula kama halua."

Wengine mtasema ni uongo. Nendeni kwa wanaotega migonzo, ile mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, mkawaulize. Lakini mimi siku ile sikusikia habari ya mafuta. Nilisikia jambo moja tu, kwamba mumi anakula sabuni. Nikajiambia, kumbe naye anajijua. Kumbe anataka kuoga.

Mwaka ule mama alijifungua mdogo wangu Bwire. Shangazi yetu aliyeolewa Butiama alikuja na zawadi: kanga moja, ulezi, na nusu kipande cha sabuni. Ninyi wa rika langu mnakumbuka sabuni ilivyokuwa wakati ule. Haikuwepo dukani. Watu walifulia majani ya mpapai na majivu, na ukimkuta mtu ananukia sabuni ulijua ana ndugu mjini. Mama aliiweka kwenye kopo juu ya dari kwa ajili ya nepi za mtoto, na kila siku aliikwangua kidogo kwa ukucha, kama chumvi.

Kisha mama akashikwa na homa, na maziwa hayakutoka. Bwire alinyonya, akalia, akanyonya, akalia. Siku ya tatu alilia kidogo, siku ya nne hakulia, alifungua mdomo tu. Mimi nilifurahi kwamba amenyamaza. Nilimwambia bibi, "Sasa amekuwa mtoto mzuri," na bibi akaniangalia kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Usiku, maana tulilala chumba kimoja, nilimsikia bibi akimwambia baba, "Huyu mzazi anatakiwa supu ya samaki. Supu nzito. Asipokunywa, utazika wawili."

Samaki baba angemtoa wapi? Kiboko alikuwa amepasua wavu wetu, mtumbwi uko kwa Mzee Shabani umefunguliwa mbao mbili, upepo ulikuwa mkali, na waliokuwa na mitumbwi yao hawakutoka. Dagaa nao hawakuwepo, mwezi ulikuwa mkubwa, na dagaa ni wa giza. Hata kuku tuliyekuwa naye alikuwa ameshaliwa siku ya pili, akaisha, na mama hakuweza kumtafuna. Baba alizunguka kijiji kizima akiomba samaki mwenye magamba, akarudi mikono mitupu, mzee wa kanisa, mtu aliyezoea kuombwa.

Asubuhi nikapanda juu ya kinu, nikaingiza mkono darini, nikashusha kopo, nikatoa sabuni ya mama.

Nisiwadanganye kwamba niliogopa. Sikuogopa hata kidogo. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mumi wapo wengi kwenye matete, upepo hauwazuii. Ubaya wao ni uchafu tu. Sabuni inaondoa uchafu. Akiimeza, inamwosha kwa ndani, mahali ambapo mikono ya bibi haifiki. Nilishangaa watu wazima wote wale na Biblia zao hawajawaza hilo.

Nikachukua ndoano moja iliyoachwa kwenye kigingi na kamba yake, nikiwa mwangalifu nisiruke juu ya mitego ya baba, maana msichana akiruka mitego samaki wanakimbia mwaka mzima, hilo tulifundishwa kabla ya kuhesabu. Nikashuka mpaka kwenye mawe yanayogusana na matete. Nikakata sabuni kwa meno. Ladha yake ninayo hapa ulimini ninapoandika. Nikaibana kwenye ndoano, nikatupa, nikajifunga kamba kiunoni, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi.

Kipande cha kwanza kiliyeyuka. Cha pili kikayeyuka. Niliona povu dogo jeupe linaelea, likapotea, na hapo ndipo nilianza kuogopa, kwa sababu sabuni ilikuwa inaisha na mumi yuko huko chini anaoga bure. Cha tatu kilibaki kikubwa kama kidole gumba. Nikakiongelesha. Nikamwambia mumi, "Njoo basi, umalizie. Mama yangu anakungoja."

Aliponishika alinikalisha chini. Nilikwaruzwa na mawe mgongo mzima, nikashika matete kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine, nikapiga kelele, hakuna aliyenisikia kwa upepo. Sijui tulivutana muda gani. Mwisho akachoka yeye kwanza, Mungu anajua kwa nini, maana mimi nilikuwa nimeshachoka tangu mwanzo. Nilimburuta mpaka kwenye mchanga. Alikuwa mrefu kuanzia kiunoni kwangu hadi chini, masharubu yanatikisika, anakoroma kama mzee aliyelala. Nikamfunika na gauni langu nikambeba kifuani, mwiba wa pezi lake ukanichana hapa, kovu ninalo.

Baba alikuwa mlangoni. Nikaweka mzigo chini. Gauni likafunguka.

"Nyanjura," akasema taratibu, "hii umeitoa wapi?"

"Majini, baba."

"Najua majini, samaki haotagi kwenye mgomba. Nakuuliza ni samaki gani."

"Ni mumi. Lakini ni msafi, baba. Nimemwosha ndani."

Bibi akatoka jikoni na kisu, akapiga magoti, akampasua tumbo bila kumwomba mtu ruhusa. Kipande cha sabuni kikatoka, kimelainika, na povu kidogo. Mimi nikakionyesha kwa kidole: "Si unaona? Povu." Baba akaangalia lile povu. Akaangalia magoti yangu, damu kifuani, akaangalia kopo tupu nililokuwa nimeliacha juu ya kinu. Nikaona uso wake unafanya kitu ambacho sikukijua. Nilidhani anataka kupiga chafya.

"Mama, usiipike," akamwambia bibi, lakini sauti haikuwa ile ya kanisani.

"Mwanangu," bibi akamjibu huku anampaka mumi majivu kuondoa utelezi, "mimi nilinyonyeshwa kwa mumi. Na wewe nilikunyonyesha kwa mumi, kabla dini haijatukuta. Meno yalikuota. Ndevu zilikuota. Kipi kimepungua?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

"Na huyo ndani ni mkeo."

Ndipo tukasikia sauti ya mama kutoka ndani, siku mbili alikuwa hajasema neno la kueleweka. "Baba Nyanjura." Baba akageuka. "Mtoto ameshamwosha. Leteni."

Baba akachukua shoka akaenda nyuma ya nyumba. Nilifikiri amekasirika anaondoka, nikaanza kulia. Lakini nikasikia shoka linapiga. Kuni zetu zilikuwa mbichi, zinatoa moshi tu, na yeye alikuwa anapasua kile kigogo kikavu cha mti wa mkungu alichokuwa amekitunza cha kutengenezea kiti. Akaleta mzigo mzima akauweka miguuni kwa bibi, bila neno.

Jua lilikuwa bado halijazama supu ilipoiva. Bibi alimshika Bwire. Mama hakuweza kukaa, kwa hiyo baba akamwegemeza kifuani kwake, akachukua bakuli na kijiko. Mimi nilikuwa mlangoni, nawaona vizuri. Kila kijiko alikipuliza, kisha akakigusisha mdomoni mwake mwenyewe kuona kama kimepoa, ndipo akampa mama. Kijiko kwa kijiko, hivyo hivyo, mpaka bakuli likaisha. Nikajua anachofanya: anaonja kama povu limeisha.

Maziwa yalitoka siku ya pili yake. Sasa mimi ni mtu wa kusema ukweli, kwa hiyo niseme pia kwamba asubuhi ile muuguzi wa zahanati alipita akamchoma mama sindano ya homa. Ilikuwa supu au ilikuwa sindano, sijui. Bibi alisema supu mpaka anaingia kaburini. Mimi ninachojua ni kwamba Bwire alianza kulia tena kwa sauti, kelele za kuudhi kabisa, na bibi akatoka nje akacheza peke yake uani.

Jumamosi ikafika. Kanisani, wakati wa matangazo, baba alisimama kutoka kwenye lile benchi lenye mgongo. Hakuna mtu aliyemuita. Hakuna aliyejua, harufu ya mumi ni kama harufu ya samaki mwingine, na majirani wa karibu ndio haohao waliokuwa wanamla. Angeweza kukaa kimya mpaka leo. Akasema: "Ndugu zangu, nyumbani kwangu imepikwa samaki isiyo na magamba. Kuni nilipasua mimi. Mke wangu alikuwa mgonjwa, yeye msimhesabie. Mtoto ni mtoto. Ila mimi sikuwa mgonjwa, na mimi nimeonja."

Wakamweka kwenye marudi, ndiyo adhabu ya kanisa letu. Miezi mitatu hakuruhusiwa kuomba mbele za watu wala kukaa mbele. Alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia, akimbeba Bwire. Sikumwona amenuna. Lakini mimi nilikufa. Maana nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu: baba ameonja, na baada ya kuonja amepelekwa nyuma. Basi sikumwosha yule mumi vizuri. Vile vipande viwili vilivyoyeyuka majini ndivyo vilivyopungua, nikampa kimoja tu, na uchafu ukabaki, na baba ndiye aliyeukuta kwenye kijiko. Wiki nzima nilikuwa namkwepa. Nikimwona anakuja naenda kuchota maji, hata kama ndoo zimejaa.

Leo Bwire ana mvi. Anakaa Bunda, naye ni mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, ana tumbo ambalo mtu hawezi kuamini historia yake. Mumi hagusi. Sijawahi kumcheka kwa hilo, kila mtu na ahadi yake. Mwaka jana alikuja hapa kwangu, tukawa tunaongea habari za marehemu baba, akaniuliza, "Dada, watu wanasema baba aliwahi kuondolewa mbele. Alifanya kosa gani?" Nikamwambia yote haya ninayowaambia. Akauliza, "Kipande kilikuwa kikubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kidole gumba. Akakishika kile kidole changu, mtu mzima yule, hakukiachia mpaka chai ikapoa.

Lakini kuna jambo sikumwambia Bwire. Nitaliandika hapa.

Mtumbwi ulipopona baba alirudi ziwani, akavua, akaenda kuuza Kisorya. Jioni alirudi na kipande cha sabuni, sijui alikipata wapi wakati ule. Akamwita mama, akakikata kwa uzi wa wavu mbele yake. Kikubwa akampa mama. Kidogo akaniita mimi nyuma ya nyumba, nilikokuwa nimejificha, akachuchumaa tukawa macho kwa macho.

"Hiki ni cha chambo chako," akasema. "Mumi ukimpata mpelekee Mzee Shabani, yeye anawapenda. Atakupa sato badala yake, nimeshaongea naye. Na kamba usijifunge kiunoni tena, siku nyingine tutakuvua wewe."

Sikuipokea. Niliweka mikono nyuma.

"Nini, Nyanjura?"

"Baba, povu lilibaki?"

Hakuelewa. "Povu gani?"

"Kwenye supu. Ulipoonja. Si ndiyo maana wamekupeleka nyuma? Mimi sikumwosha vizuri."

Baba yangu alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kuendea sokoni. Kisha akauchukua mkono wangu mmoja kutoka nyuma, akaufungua vidole, akaweka sabuni, akavifunga.

"Halikubaki hata kidogo, mwanangu," akasema. "Ulimwosha vizuri sana."